Jina Langu Kwenye Sikio la Ng'ombe

Kabla sijaingia kichinjioni, binamu yangu mmoja wa Mwatate aliniapia kwa kaburi la bibi yetu, ambaye wakati huo alikuwa hai na yuko shambani anapalilia, kwamba mchinjaji Mwislamu akishamlaza ng'ombe humnong'oneza sikioni jina la Mkristo mmoja. Jina huingia kwenye damu, damu huingia kwenye nyama, na mwenye jina akiila nyama hiyo mara za kutosha, ataamka alfajiri moja ajikute anatia udhu kwenye beseni la watoto, na hajui nani amemfundisha.

Msicheke. Niliamini yote, pamoja na beseni.

Nawaandikia ninyi mliobaki na visu pale Voi. Kwenye chai ya kuniaga mlinishika shati mkasema, "Mzee, tuandikie uzoefu." Haya, huu hapa. Habari za vyeo na mshahara nimeziacha, kwa sababu hazikuwahi kuwa habari. Nitawaandikia kazi, na katikati ya kazi nitakasirika. Mkiona mahali kalamu imetoboa karatasi, mjue ndipo hapo.

Siku yangu ya kwanza nilipewa gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto. Asubuhi nzima nilitembea nikipinda upande mmoja kama mkokoteni uliokatika ekseli. Mchinjaji wetu alikuwa Mzee Salimu, mtu wa Taveta, mwembamba, mwenye mikono mirefu ambayo nadhani ingeweza kufunga dirisha la nyumba ya jirani bila yeye kuinuka kitini. Ng'ombe akalazwa, akaelekezwa Kibla. Mzee Salimu akainama mpaka ndevu zikagusa sikio la mnyama, akasema kitu kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akanyoosha mgongo, na kwa sauti ya kusikika na kila mtu akasema, "Bismillahi, Allahu Akbar," na kisu kikapita.

Hayo ya pili niliyajua, hakuna mtoto wa Voi asiyeyajua. Yaliyonishtua ni yale ya kwanza. Nilikuwa nimeshika mguu wa nyuma, na kwa masikio haya mawili nilisikia mwisho wake: "...Mwang'ombe."

Jina langu ni Mwang'ombe. Na Mzee Salimu tulikuwa hatujajulishana bado.

Ng'ombe wa pili, vilevile. Wa tatu, vilevile. Nikasema moyoni, binamu yangu ni nabii. Mwezi mzima nilifanya kazi katikati ya nyama nikila mchicha na maharagwe, nikakonda mpaka kivuli changu kikaanza kunionea aibu. Aliyenirudisha ni Mzee Salimu mwenyewe, siku waliyochemsha supu ya kichwa nyuma ya boma.

"We kijana wa milimani, huli nyama? Una kiapo?"

"Tumbo, mzee."

"Tumbo gani linaugua kabla ya kula? Shika bakuli."

Nikashika. Supu ile ilikuwa na pilipili ya kumfufua marehemu aombe maji. Alfajiri yake niliamka nikakagua miguu yangu. Ilikuwa mikavu, haijaona udhu. Nikala tena kesho yake, na keshokutwa, na hivyo ndivyo uvumi ulivyokufa kwangu, kwa kushiba. Lakini kuhusu lile nililolisikia, sikuuliza. Mwaka wa kwanza niliogopa, na miaka iliyofuata nikaona haya. Utamwulizaje mtu aliyekufundisha kazi kama amewahi kukuuza kwa ng'ombe?

Maana ni yeye aliyenifundisha. Kisu cha kuchunia kina tumbo, makali yake yamebinuka, hakina ncha ya kujidai, na kinasukumwa kwa kiwiko. Ukikisukuma kwa hasira, utatoboa ngozi. "Hiyo ni nguo ya mtu," alikuwa akiniambia, "usimrarulie." Kinoo kikae nyuma ya ukuta, ng'ombe asione kisu kikinolewa. Mnyama asichinjwe mbele ya mwenzake. Kinoo hicho bado kiko nyuma ya ukuta, na nikisikia mmekihamisha ili msitembee hatua chache, nitashuka kutoka Mwatate na gambuti mkononi, ile ya kushoto.

Kwa wageni wa kazi, mwenye kisu cha shingo kwetu ni Mwislamu. Kuchuna, kupasua na kuosha matumbo ni kwa yeyote. Hakuna aliyeibandika sheria hiyo ukutani. Iliwekwa na sufuria. Voi imejaa nyumba ambazo shangazi ni Maria na shemeji ni Musa wa msikitini, na harusi ikija, chungu ni kimoja. Mkristo akichinjiwa na Mwislamu hapotezi kitu, na Mwislamu anaweza kukaa mezani. Wazee waliofikiria jambo hilo hawakuwa na digrii, walikuwa na wageni.

Kisa kigumu kuliko vyote kilikuwa cha fahali mweusi wa kutoka Miasenyi, mkubwa kiasi kwamba aliposhuka kwenye lori, lori lilipumua. Alikata kamba akatoka hadi barabara kuu ya Mombasa, malori yakajipanga pande zote mbili kama yanamsindikiza rais. Vijana wakaja na mawe. Mzee Salimu akawafukuza wao, si fahali. Akasimama mbele ya yule mnyama, mikono mitupu, akiongea naye pole pole kama mtu anayembembeleza mkwe. Walirudi pamoja wakitembea. Na hakumchinja siku ile. "Ana hofu," alisema. "Apumzike." Mwenye bucha alitukana mpaka akaishiwa na ukoo wa kutukana. Fahali akalala, akanywa maji, akachinjwa kesho yake ametulia.

Mtu huyo ndiye nitakayewaambia habari zake sasa, na hapa kalamu inaanza kutoboa.

Mke wangu Wakesho anasali kwenye kanisa la Askofu Elifazi. Mimi humsindikiza. Elifazi alianza kama mchungaji. Jumapili moja alijipandisha mwenyewe, Jumatatu bango likabadilika. Sina neno na hilo, kila mtu ana bango lake. Si miaka mingi iliyopita aliitisha mkutano wa injili kwenye uwanja karibu na soko, akakodi spika za kuwageuza masikio tembo wa Tsavo. Tulikuwepo, Wakesho jukwaani na kwaya, mimi chini na mwavuli. Mahubiri yalikuwa mazuri mpaka alipofika kwenye chakula.

"Ndugu zangu, mnajua mnachokula?" akanguruma. "Yule mzee anayewachinjia kule, mnajua anamnong'oneza nini ng'ombe? Anawataja majina! Mnakula mkataba! Kila kilo ina mkataba!"

Nilipata baridi kwenye jua la Voi, jua ambalo linaweza kukaanga yai juu ya tangi la pikipiki. Hayo yalikuwa maneno ya binamu yangu! Yale yale, yamevaa suti, yamepewa spika. Ila binamu yangu aliniambia mimi peke yangu, akitafuna muwa, na hakuna aliyemwita baba wa kiroho. Huyu aliuambia mji mzima, na watu wakapiga makofi.

Kesho yake Mzee Salimu alikuwa akipita sokoni na kikapu. Mama mmoja anayeuza nyanya, ambaye siku zote humwita "baba", akatoka kwenye kibanda chake na kipande cha nyama kwenye karatasi. Akakitupa miguuni pa mzee.

"Mtoto wangu anaharisha," alisema. "Umemtaja, sivyo? Sema kama hukumtaja!"

Mzee Salimu aliinama, akaiokota nyama, akaipangusa mchanga kwa kiganja, kwa sababu hajui kuacha nyama chini. Kisha akaenda zake.

Asubuhi iliyofuata alikiosha kisu chake, akakifunga kwenye kitambaa, akakaa kwenye benchi. Ng'ombe wako uani, wenye bucha wako mlangoni.

"Mzee, watu watasahau," nikamwambia.

"Wasahau nini, Mwang'ombe? Mtoto wa pili akiugua, watakuja mpaka nyumbani kwangu. Mimi sitaki kesi, na sitaki vijana wa msikiti waende kwa Askofu na fimbo, nimewakataza. Nataka kitu kimoja. Amesema pale uwanjani, kwa spika. Arudi pale pale, kwa spika, aseme si kweli, nimekosea. Nichinje tena, halafu nistaafu nirudi kwetu na jina langu."

"Na asiposema?"

"Basi kisu kitakaa kwenye kitambaa."

Wachinjaji wengine wakaweka visu vyao chini pamoja naye. Bucha zikaning'iniza ndoano tupu. Hoteli za barabarani zikapika maharagwe asubuhi, maharagwe mchana, na jioni maharagwe yaliyobadilishiwa jina.

Na ili msidhani ujinga una dini moja, sikilizeni. Ijumaa ile ustadhi mmoja kijana, mwenye damu ya moto, alipanda mimbari akasema majirani zao Wakristo ni wala mizoga, wakiachiwa kisu watakula chochote kilichoanguka. Tulimsikia wote, msikiti nao una spika. Nilitaka kwenda kumwambia mzoga ni nani. Mzee Salimu akanitangulia, akaenda nyumbani kwa kijana yule, na waliyoongea hayanihusu. Ijumaa iliyofuata nilisimama nje ya ua kando ya muuza makaa, nikasikia kwa spika ile ile: "Ijumaa iliyopita nilisema neno baya juu ya majirani zetu. Mimi ndiye niliyelisema, na nilikosea. Nawaomba radhi." Akakohoa, akaendelea na hotuba. Mbingu hazikuanguka. Waislamu wa Voi hawakupungua hata mmoja.

Sasa oneni ya kwetu. Mji ulipomlalamikia Askofu kwa ajili ya nyama, maana kwa ajili ya haki hakuna aliyemlalamikia, alituma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la kanisa: "Kama kuna mtu yeyote aliyekwazika na mahubiri yangu, nasikitika kwa jinsi alivyoyapokea." Na vile viganja vya kuomba, vitatu.

Kama! Mimi nilisoma shule ya usiku, nikapata cheti changu nikiwa na mvi, mkono mmoja ukiandika na mwingine ukifukuza usingizi. Mwalimu alitufundisha kwamba "kama" ina kazi mbili, kufananisha na kuweka sharti. Hakutufundisha ya tatu, ya kukimbilia nayo. "Kama kuna mtu." Mtu yupo! Ana jina, ana kikapu, ameokota nyama mchangani mbele ya soko zima! Na eti "alivyoyapokea", kana kwamba Mzee Salimu ndiye aliyeyashika vibaya yakamwagika.

Nikaenda ofisini kwake mchana.

"Karibu, mzee wangu Mwang'ombe," akasema. "Umekuja kwa maombi?"

"Nimekuja kwa hiyo 'kama', Askofu. Itoe."

Akacheka, akaniita mtu wa utani. Alipoona sicheki akavuta kiti. "Sikiliza, mzee. Leo niombe msamaha kwa hili, kesho wataniambia niombe msamaha kwa kusema Yesu ni Bwana. Mlango huo ukifunguliwa, haufungiki tena. Mtumishi wa Mungu haombi radhi kwa kuhubiri."

Nakiri hoja ile ilikuwa na mifupa. Wapo watu ambao ukisali tu kwa sauti wanaona umewatukana, na kiongozi wa dini akiwaogopa hao atabaki kutabiri mvua. Lakini nikamwambia: "Hubiri Yesu ni Bwana mpaka spika ziungue. Mzee Salimu amelisikia hilo maisha yake yote na hajawahi kuweka kisu chini. Siku ile hukumhubiri Yesu. Ulimhubiri Salimu, tena ukasema uongo."

"Unajuaje ni uongo?" akauliza. "Wewe umekaa naye miaka yote hiyo. Umewahi kusikia anachomwambia ng'ombe?"

Nilichosikia ninakijua, na ninyi mnakijua. Nikamwambia tu, "Nimekula nyama yake ujana wangu wote na miguu yangu ni mikavu," nikatoka. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Nikabaki na silaha moja. Kanisani kwetu kuna kipindi cha ushuhuda, na mtu akishasimama kushuhudia hanyang'anywi nafasi. Akirefusha, kiongozi wa nyimbo huinua pambio, kanisa linapokea, naye anakaa. Ndiyo njia yetu ya kumnyamazisha mtu bila dhambi. Na kiongozi wa nyimbo ni Wakesho.

"Utaniaibisha, baba nanii," aliniambia tukitoka nyumbani.

"Natoa ushuhuda tu."

"Ukirefuka, kazi yangu naijua."

Nikasimama. Nikawaambia juu ya gambuti, wakacheka. Nikawaambia juu ya supu na fahali wa Miasenyi, wakacheka sana. Kisha nikawaambia juu ya nyama iliyotupwa mchangani na mkono ulioiokota. "Aliyeyasema yuko hapa ndani," nikasema, "na maneno ya kuyafuta anayo." Askofu akamwangalia Wakesho, akapandisha kidole. Inua pambio. Wakesho akaangalia mbele. Askofu akapandisha kidole tena, akakitikisa. Mwenye kinanda akagusa noti moja kumkumbusha. Mke wangu, ambaye ameimba tangu tumboni, ambaye akiwa jikoni hata sufuria hupokea sauti ya tatu, alikunja mikono akafunga mdomo.

Baadaye nilimuuliza kwa nini. "Yule mama wa nyanya ni wa sauti ya pili kwenye kwaya yangu," alisema. "Ningeinua pambio la kuufunika uongo uliomponza, kesho ningeimba naye nini?"

Basi Askofu akashika maikrofoni. Tukasikia ile "tak" ya kuizima. Akainama kwa benchi la mbele, akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza choo kiko wapi, "Kuhusu yule mzee, nilikosea." Nyuma watu wakaulizana, "Amesema nini?" Akaiwasha tena, akatangaza harusi ya Jumamosi.

Nilimpelekea Mzee Salimu habari nikikimbia, kama mjinga.

"Alisema kwa spika?"

"Hapana, mzee."

"Uwanjani?"

"Hapana."

"Basi hajasema, Mwang'ombe. Amekohoa."

Akaniachia kinoo. Kisu akaondoka nacho kwenye kitambaa, akarudi kwao upande wa Chala, kulima. Wenzake walirudi kazini, si kwa kuridhika, bali kwa ajili ya watoto wao. Voi ikala. Yule mtoto wa mama wa nyanya alipona, kumbe alikula maembe mabichi, na hakuna aliyetangaza hilo kwa spika.

Mnaniuliza, vijana, viongozi wa dini waombe radhi wakikashifu watu wa dini nyingine? Mnauliza kana kwamba ni swali gumu! Imani yako usiiombee radhi kwa mtu. Lakini ukimsingizia jirani, omba, pale pale uliposimama, kwa sauti ile ile, na ile "kama" uiache nyumbani. Mtu aliyechafua kwa spika hana haki ya kusafisha kwa mnong'ono. Uwanja ule bado upo. Askofu amehubiri hapo tena na tena, kuhusu ndoa, kuhusu simu, kuhusu nywele za wanawake. Mimi husimama chini na mwavuli wangu, nikingoja.

Nilipostaafu, safari yangu ya kwanza ilikuwa Chala. Nilimkuta Mzee Salimu kwenye migomba, amezeeka, mikono ile ile. Tulikaa kwenye magunia tukala ndizi za kuchoma. Nilimwambia uwanja bado haujasikia kitu. Akatikisa kichwa, akanimenyea ndizi nyingine. Nikaona nisipouliza leo, nitazikwa nalo.

"Mzee, usinicheke. Kabla ya Bismillahi, ulikuwa ukiinama sikioni. Ulikuwa unasema nini? Maana siku ya kwanza nilisikia jina langu."

"Jina lako? Siku ya kwanza? Nani alikuwa anakujua?"

"Nilisikia, mzee. Mwang'ombe."

Alinitazama, mdomo ukitaka kucheka na macho yakikataa.

"Mwana ng'ombe," alisema. "Nilikuwa nasema, 'Niwie radhi, mwana ng'ombe.' Ndivyo alivyokuwa akisema baba yangu."

"Ni sheria ya dini?"

"Hapana. Dini ni Bismillahi. Hiyo nyingine ni adabu tu."